Jina Alilopewa Paka

Kilichomshtua Marieta kwanza ni kwamba paka alikuwa anaoga. Aliingia mwenyewe kwenye karai, akajilaza majini mpaka shingoni, akamkodolea macho kama mtu aliyeingiliwa bafuni.

"Wewe Leodgari! Mnyama gani huyu?"

"Ndiyo kabila lake, mama," mwanawe akajibu, akakunjua karatasi. Fundi Mwingereza wa kiwanda cha pamba, alipoondoka Bunda mwaka ule wa sabini na mbili, alimwachia karani wake Leodgar viti viwili, paka na maelezo yake. Aina ya paka: Van wa Kituruki. Manyoya ya urefu wa wastani, meupe. Kichwa na mkia rangi ya kutu. Hupenda maji. Nyuma ya karatasi uliandikwa ukoo wake, vizazi vinne. Ukoo wake mwenyewe Leodgar aliujua vizazi viwili, cha tatu kwa kubahatisha.

Kasoro ilikuwa jina, la kizungu mno kwa nchi ya Ujamaa. Basi Leodgar, ambaye mzaha ulimponza tangu shule, akampa la bibi yake aliyefariki mwaka uliopita: Wankyo.

"Mtazameni anavyokodoa. Si bibi yule yule?"

Hyasinta, mkewe, akacheka huku ameshika tumbo lake la miezi minane. Marieta hakucheka.

"Jina hilo lilikuwa linangoja mtoto."

Mtoto alizaliwa wa kike, akakataa ziwa. Alilia siku tatu kwa sauti nyembamba, kavu. Kama ifanywavyo kwa mtoto wa namna hiyo, Marieta alimwitia majina ya marehemu, moja moja, akingoja lile atakalolikubali anyonye. Yote akayakataa. Siku ya nne, saa sita mchana, limebaki moja tu, akalisema:

"Wankyo."

Chini ya kitanda kitu kikaitika, "Ee." Sauti ya kizee, na harufu ya ugoro ikajaa chumba.

"Mama, umesikia?" Hyasinta akanong'ona.

"Nyamaza. Usiiname."

Wakamleta mganga, mzee Makongoro, kutoka Butiama. Alinusa mlangoni, akavua kofia.

"Lingekuwa jini ningelifukuza. Huyu nimfukuzie wapi? Mwenye nyumba huyu. Aliyempa paka jina amwombe amwachie mtoto jina hilo."

Leodgar akapiga magoti. "Bibi, nilikuwa natania, unanijuaga," akaanza, na utani ukamkauka mdomoni, akaomba kwa jina la baba yake na la babu yake, akaomba huku mtoto kwenye mikono ya mkewe akizidi kuwa mwepesi, akaomba mpaka paka akatoka taratibu chini ya kitanda, akamsogelea mtoto, akamnusa mdomo, kilio kikakatika, kisha paka akaruka dirishani akatoweka kwenye shamba la pamba, na mtoto akageuza kichwa, akalidaka ziwa.

Marieta akapiga vigelegele. Leodgar akalia bila aibu.

Hyasinta peke yake alikuwa anamtazama mtoto. Vidole vya mtoto vilikuwa vinamkanda kifua, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na koo lake dogo lilikuwa linanguruma kama la paka.

Nje, katikati ya pamba, kitu kikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kavu. Ziwa la pili la Hyasinta, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuchuruzika maziwa.