Aliyeita Kutoka Majini

Mambo haya yalimpata Iisakki, jirani yetu wa ng'ambo ya ghuba, na wengi wetu tulioila nyama ile tungali hai.

Ilikuwa Jumatatu, Septemba ikielekea ukingoni, majani yamegeuka manjano na maji ya ziwa yameshaanza kuuma vidole. Iisakki alikunywa vikombe viwili vya kahawa, akala mkate na samaki wa moshi, akavaa buti zake ndefu. Alikuwa anakwenda kutoa nyavu. Bunduki aliibeba kwa mazoea tu, maana msimu wa bata ulikuwa haujaisha.

"Ungesubiri ukungu upungue," mkewe Elsa alimwambia.

"Ukungu wa ziwa hili nimezaliwa nao, mama. Chemsha viazi."

Alikuwa mtu wa kuaminiwa, Iisakki. Mwenyekiti wa chama cha wawindaji kwa miaka kumi na moja. Kila vuli, kabla msimu wa hirvi haujafunguliwa, alisimama mbele ya vijana akawaambia, "Hirvi akiwa majini haguswi. Nikimkamata mtu amempiga huko, bunduki yake naitupa ziwani mimi mwenyewe." Vijana walicheka, lakini walimtii. Hirvi ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama farasi, na akiogelea hana pa kukimbilia. Kumpiga pale ni sawa na kumpiga ng'ombe zizini.

Alipofika kwenye mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, alimwona. Jike, shingo nje ya maji, anavuka taratibu kuelekea kisiwa cha pili. Alikuwa karibu mno. Iisakki alisikia pumzi zake puani.

Huko nyuma wawindaji wa chama walikuwa wamekaa misimu miwili bila kupata hirvi hata mmoja. Na ukungu ulikuwa mzito. Hakuna ambaye angeona.

Alifyatua risasi moja.

Maji yalipotulia, Iisakki alibaki ameshika bunduki, uso unamwaka moto kama mtoto aliyefumaniwa. Lakini lililofanyika lilikuwa limefanyika. Alimfunga mnyama kamba shingoni, akaikaza kamba nyuma ya boti. Mota hakuiwasha, maana sauti husafiri sana juu ya maji. Akashika makasia.

Hapo ndipo aliposikia mtu akiita.

"Hoi!"

Iisakki aliganda. Wazo la kwanza: askari wa wanyamapori.

"Hoi! Saidia!"

Sauti ilitoka kushoto, chini, karibu na uso wa maji. Ilikuwa inatetemeka. Iisakki alijilaza ndani ya boti, shavu kwenye mbao zilizolowa, akabana pumzi. Alijiambia ni kuikka. Ndege huyo mweusi wa kuzamia, akilia ndani ya ukungu, anaweza kumdanganya yeyote akadhani ni mtu anayelia. Kila mtoto wa ziwani anajua hivyo.

Sauti ikaita mara ya tatu. Safari hii ilisema neno moja tu.

Iisakki alilisikia. Kisha akainuka, akapiga makasia kwa nguvu zake zote kwenda upande mwingine.

*

Jioni dada yake Maarit alikuja mlangoni bila kofia.

"Kaka, Uula hajarudi. Alisema anakwenda kupiga bata, saa sita atakuwa nyumbani."

Uula alikuwa mume wake, shemeji yake Iisakki. Mpole, mcheshi, mtu wa kumkopesha jirani msumeno na kusahau kuudai.

Kijiji kizima kiliingia majini. Boti ya Uula ilikutwa imepinduka kando ya mwamba, pale pale kati ya visiwa viwili. Mwenyewe alipatikana siku ya tatu, upande wa pili wa kisiwa, mbali kidogo na boti yake. Waliomtoa walisema kucha zake zilikuwa zimevunjika.

"Wewe ulipita pale asubuhi," Maarit alimwambia Iisakki, macho yamevimba. "Hukusikia chochote?"

"Kuikka tu, mdogo wangu. Nilisikia kuikka."

Maarit alimshika mkono akaubana. "Ungemsikia ungemtoa," alisema. "Najua."

Siku ya mazishi palihitajika chakula cha watu themanini. Elsa, asiyejua lolote, alisema, "Si tuna ile nyama uliyosema umegawiwa na chama cha kijiji jirani?" Iisakki akaenda kuileta. Basi hirvi yule akapikwa na vitunguu, akapakuliwa, akaliwa na watu waliovaa nguo nyeusi. Maarit alikula vipande viwili. Akazunguka meza, akamkumbatia kaka yake mbele ya watu wote.

"Asante kwa kumheshimu Uula," alisema.

Iisakki alibeba sahani yake nje, akaimwaga nyuma ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke.

*

Barafu ilifunga ziwa, ikafungua. Juni, Iisakki na Elsa walikwenda kutoa nyavu. Mchana mweupe, hakuna upepo. Ukungu ulitambaa kutoka visiwani ukawafunika.

"Hoi!"

Iisakki aliachia wavu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nini? Kuikka?" Elsa alimtazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Ndege tu huyo."

"Hoi! Saidia!"

"Tunaondoka," Iisakki alisema.

"Na nyavu?"

Aliwasha mota. Mota ilinguruma, maji yakatoka povu, boti haikusogea. Ilikuwa kama inavuta kitu. Nyuma ya boti ilizama taratibu, kiganja kizima, maji yakaanza kulamba ukingo.

"Wavu umenasa kwenye panga boi la mota," Elsa alisema.

Iisakki aliinama kutazama. Hapakuwa na wavu. Panga boi lilikuwa linazunguka bila kizuizi. Kisha, ghafla, uzito ukaachia, boti ikaruka mbele, Elsa akaanguka kwenye ndoo za samaki.

Iisakki hakugeuka nyuma. Elsa alipogeuka, alisema kwa mshangao kwamba yule kuikka yuko karibu kweli, maana maji yanachezacheza pale nyuma. Ila ndege mwenyewe hakumwona.

Ikatokea tena Julai. Na tena Agosti, akiwa peke yake. Kila mara ukungu, kila mara nyuma ya boti. Kila mara sauti ilikuwa karibu zaidi.

Iisakki aliacha kwenda ziwani. Dukani wakaanza kumtania. "Mwenyekiti, siku hizi samaki unawasubiri wapande kilimani?" Alicheka nao. Angewaambia nini? Kwamba mtu ambaye yeye alimkimbia akiwa hai sasa anamfuata akiwa maiti? Hakuogopa kufa. Usiku na mchana aliogopa kwamba siku moja mtu mwingine ataisikia sauti ile na kuelewa inachosema.

*

Mwaka ulipotimia, Maarit alikuja na shada alilolisuka mwenyewe kwa matawi.

"Nipeleke pale kati ya visiwa, kaka. Nataka kuliweka juu ya maji."

"Nenda na vijana, wana mota nzuri."

"Sitaki vijana. Nataka wewe."

Akampeleka. Anga ilikuwa safi walipoondoka, jua linamulika mpaka mawe ya chini. Walipokaribia visiwa, mota ilizima. Haikukohoa wala kutoa moshi. Ilizima tu. Ukungu ukaja kutoka pande zote mbili na kukutana juu yao.

Maarit aliweka shada majini. Shada halikuelea kwenda popote. Lilibaki limegusa ubao wa boti.

"Hoi!"

Maarit aliinua kichwa.

Iisakki alifumba macho. *Sema ni kuikka. Sema.*

"Hoi! Saidia!"

"Huyo ni Uula," Maarit alinong'ona.

Nyuma ya boti ikazama kiganja kimoja. Baridi ilipanda kupitia mbao mpaka magotini. Kisha sauti ikasema neno la tatu. Taratibu. Kutoka chini kabisa ya pale alipokaa kaka yake.

"Iisakki."

Tone moja lilidondoka kutoka kwenye kasia.

"Kwa nini anakuita wewe?" Maarit aliuliza.

Iisakki alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Kwa sababu aliniona," alisema. "Siku ile. Aliniona, akaniita jina."

Akamwambia yote. Hirvi, risasi, kamba. Jinsi alivyojilaza chini. Alisema akitazama buti zake. Alipofika kwenye nyama ya mazishi, alilazimika kuanza upya.

"Nilikula vipande viwili," Maarit alisema.

"Ndiyo."

"Na nikakushukuru."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Usiniite hivyo."

Alimsogeza pembeni, akakaa yeye kwenye makasia. Boti iliondoka nyepesi. Maarit alipiga makasia saa nzima mpaka gatini, machozi yanamtiririka mpaka shingoni na hakuyafuta. Iisakki alikaa mbele yake kama mzigo.

Kesho yake Iisakki alikwenda mwenyewe polisi. Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya watu, akasema. Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali wangemzomea. Watu walitazama mikono yao, wakatoka mmoja mmoja. Bunduki alinyang'anywa, chama kikachagua mwenyekiti mwingine. Elsa hakuondoka, ila alihamishia mto wake chumba cha mbele.

Mwezi uliofuata, kabla ziwa halijaganda, Maarit alimkuta ufukoni anapindua boti kwa ajili ya majira ya baridi. Kijijini hakuna mwingine aliyekuwa akimsaidia. Maarit alisimama kwanza. Kisha akashika upande mmoja, wakapindua pamoja.

Maarit alikuwa wa kwanza kuona.

Nyuma ya boti, chini ya mstari wa maji, palikuwa na alama kwenye ubao. Nne upande huu, nne upande ule, zimezama ndani ya mti kina cha ukucha. Zilikuwa mitaro ya vidole. Zilianza juu, zikashuka, zikaishia ghafla.

Iisakki alipiga magoti. Boti ile aliipaka lami mwenyewe Mei, kila ubao, kwa brashi na mikono yake. Hakuwa ameona kitu. Aliingiza kidole kwenye mtaro mmoja. Ndani mlikuwa na lami ile ile ya Mei, imekauka, laini, kana kwamba alama zilikuwapo kabla ya kupakwa.

Maarit aliweka vidole vyake vinane kwenye alama zile nane, akaviacha pale kwa muda mrefu.

"Hizi ni za mwaka huu," aliuliza bila kumtazama, "au siku ile, akiwa hai, alikuwa ameshakufikia?"