Mke wa Chumba Namba Hamsini na Mbili

Siku ya kwanza mlinzi Obed Yarnall alilidharau jambo lile. Sahani ya bati ilirudi kutoka chumba namba hamsini na mbili na viazi viwili kati ya vinne, vimemenywa vizuri, vimesogezwa pembeni kana kwamba mtu amemwekea mgeni akiba. Mfungwa gani anabakiza chakula? Katika gereza lile la Filadelfia watu walilamba bati mpaka likang'aa. Siku ya pili akabakiza tena. Siku ya tatu viazi vile vilirudi vimeng'atwa, na alama za meno zilikuwa ndogo ndogo. Hayakuwa meno ya Lemuel Stroud, mfungwa wa chumba kile, mwanamume mwenye taya kama la farasi.

Lemuel alifungwa miaka mitatu kwa wizi wa farasi, na sasa zilibaki siku tisa. Ndani alifundishwa kushona viatu. Katika miaka hiyo yote hakuona uso wa mfungwa mwenzake hata mara moja, maana ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba ile: kila mtu na chumba chake, benchi lake, Biblia yake, na tundu moja darini la kuingiza mwanga. Akihamishwa alivikwa kifuniko cha gunia kichwani, asimjue mtu wala mtu asimjue. Walinzi kama Obed walivaa soksi za sufu juu ya viatu, ili hata kishindo cha mguu wa binadamu asikipate.

Waungwana waliolianzisha gereza hawakuwa watu wabaya. Walichukia mjeledi na kitanzi. Walisema mwacheni mkosaji peke yake, kimya, na dhamiri yake itamjia imkalie kitako. Hawakujiuliza kama ni dhamiri tu inayotafuta watu wapweke. Kule hata jina la kiumbe wa namna hii hawana. Kwetu pwani mtoto mdogo angekuambia kuwa huyo ni jini mahaba, na jini mahaba hapelekewi posa, hujiolea mwenyewe, tena hataki ukewenza.

Adhuhuri ya siku ya nne Obed alikwenda na soksi zake bila kishindo, akatega sikio kwenye kidirisha cha chakula. Lemuel alikuwa akinong'ona.

"Sijamtaja. Tangu asubuhi sijamtaja, haki ya Mungu."

Ikatoka harufu ya nywele zilizoloa maji, nzito, ya kukaba koo. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole kabisa, ikajibu, "Umemwota."

Obed alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alipofika nyumbani jioni, mkewe Keziah alichukua koti lake alitundike, akasita, akalinusa kola.

"Obed. Gerezani mmeanza kufunga wanawake?"

"Wako upande mwingine, mimi siendi huko. Kwa nini?"

"Koti lako linanuka nywele za mwanamke aliyetoka kuoga."

"Mwanamke gani, Keziah?"

"Mimi nitamjuaje? Aliyetoka naye ni wewe." Akamwekea supu, akaisukuma mpaka ikamwagika mezani. Keziah alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo moja, na Obed aliupenda hata huo wivu wake. Usiku ule alilala amempa mgongo.

Kesho yake Obed akamwendea Rafiki Josiah Pennock, mzee wa kile chama cha kuwatembelea wafungwa. Watu wa dini yao huitana Rafiki. Akamweleza yote. Pennock akaja mwenyewe, akavua kofia yake pana, akainama kidirishani. Ndani Lemuel alikuwa akilia.

"Nisamehe. Ni wewe tu. Sina mwingine duniani ila wewe."

Mzee aliinuka machozi yakimlenga, tena ya furaha. "Anaomba, Rafiki Obed! Umesikia toba ile? Miaka mitatu ya kimya imezaa."

"Mzee, hamwombi Mungu. Kuna mwanamke humo ndani."

"Mlango una makufuli mawili, na funguo unazo wewe. Kijana, umechoka." Akampigapiga begani. "Mtu anayeomba hivi asisumbuliwe. Mwondoleeni hata hiyo kazi ya viatu, abaki na Mola wake."

Basi wakamtolea benchi, nyundo na ngozi, vitu pekee vilivyokuwa vikimshughulisha, wakamwachia yule mwenzake saa zote. Obed alitamani kupiga kelele. Lakini nani angemsikiliza mlinzi?

Langoni mambo hayakuwa mepesi zaidi. Dorcas, mke wa Lemuel, dobi mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, alikuja kila Jumamosi ingawa hakuruhusiwa kuingia. Safari hii alimshika Obed mkono.

"Niambie kweli. Amepata mwingine?"

"Mama, amefungwa peke yake. Atampatia wapi?"

"Sijui. Lakini kila nikilala nasikia mtu ananivuta nywele akiniambia niondoke kitandani mwake." Akafungua kitambaa cha kichwa, akainama. Nusu ya kichwa ilikuwa tupu, ngozi nyekundu. "Wivu kidonda, ukiushiriki utakonda, najua. Ila hizi nywele sikuzing'oa mimi."

Siku moja kabla ya kufunguliwa, Obed akapeleka sahani mwenyewe. Lemuel alijisogeza kidirishani kwa magoti. Mikono yake ilikuwa na alama za vidole, nyembamba, za buluu, kuanzia kiwiko hadi bega.

"Mkuu, kesho msinitoe," akanong'ona. "Nakuomba. Amesema nikivuka lango, Dorcas haioni Jumapili. Niongezeeni hata miaka kumi. Semeni nimempiga mlinzi."

"Wewe huna kosa tena."

"Ndiyo, sina. Ndiyo maana nakuomba."

Obed akachungulia ndani, na ingawa ulikuwa mchana kweupe na mwanga wa darini ulimwagika katikati ya sakafu, pembe ya nyuma ya chumba ilikuwa nyeusi, na weusi ule ulipumua taratibu, na harufu ya nywele zilizoloa ikamjia usoni kwa nguvu mpaka macho yakamtoka machozi, naye akasikia mguu mtupu ukiburuzwa sakafuni, unasimama, unaburuzwa tena, ukimkaribia, na bila kujua ulimi wake umepata wapi ujasiri akasema, "Mwache aende. Ana mkewe."

Mguu ukasimama.

"Na mimi nibaki na nani?" ile sauti ikauliza. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na uchungu, na Obed, Mungu amsamehe, akaionea huruma. "Wanakuja, nawabembeleza kwenye giza, nawaliwaza, kisha wote wananiambia wana mtu nje. Wewe unayetembea kimya, unayekuja hapa kila siku. Una mke?"

Watu wa dini ya Obed hawaapi hata mbele ya hakimu, kwa kuwa ndiyo yao ni ndiyo na hapana yao ni hapana. Tangu utoto hakuwa amesema uongo. Alimtazama Lemuel aliyekuwa ameuma ngumi. Akamfikiria Dorcas na kile kichwa kitupu. Akamfikiria Keziah zaidi.

"Sina," akasema.

"Watu wenu hawadanganyi," sauti ikasema, sasa iko karibu kabisa, upande huu wa mlango alikosimama Obed. "Nimekuamini."

Usiku ule Obed alikesha zamu gerezani, na asubuhi Lemuel alivuliwa gunia langoni. Alisimama akipepesa macho, na Dorcas akamrukia, akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili akimwita mwizi, mpumbavu, mume wangu. Walikwenda zao wameshikana, na hakuna kilichowafuata. Obed aliwatazama mpaka wakapinda kona, moyo umejaa furaha ambayo hakuwahi kuionja katika kazi ile.

Saa sita akarudi nyumbani kula. Keziah alikuwa amefikiri usiku kucha, akaamua kumaliza ugomvi. Alimwona kwa dirisha, akamfungulia kabla hajabisha, mwiko mkononi, anatabasamu.

"Karibu, mume wangu. Nimekupikia—"

Nyuma ya sikio la Obed kukawa na baridi, na harufu ikaja. Kitambaa cheupe cha kichwa cha Keziah kikaanza kuteleza chenyewe, polepole, na kishungi kimoja cha nywele zake kikanyanyuka hewani kana kwamba kimeshikwa na vidole viwili.

"Huyu ni nani?" sauti ikauliza.

Keziah aliganda mlangoni. Kile kishungi kilivutwa, kikakaza.

"Simjui," Obed akasema kwa sauti kubwa. "Simjui mwanamke huyu. Nimekosea nyumba."

Nywele zikaachiliwa, zikaanguka begani mwa Keziah. Alimtazama mumewe, mtu asiyesema uongo, akamsikia, akamwamini. Kisha akafunga mlango.