Beti Tisa za Ditte

Mchana wa Jumamosi, katikati ya mji wa Aalborg, pale watu wanapopigana vikumbo na mifuko ya manunuzi, Esben Krogh alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya taa. Amevaa miwani ya kuogelea, na mwili mzima, toka unyayo hadi kope, umejaa mdalasini. Kosa lake, kwa desturi ya huko, lilikuwa moja tu: alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano bila kuoa. Rafiki zake walimmwagia maji kwanza ili unga ushike vizuri, wakammalizia ndoo nzima ya mdalasini, kisha wakaingia baa ya jirani kujipongeza. Wapita njia hawakushangaa. Walimpa hongera, wakaenda zao.

Ni msichana mmoja tu aliyefunga breki za baiskeli. Alivaa koti la mvua la manjano na ovaroli iliyochakaa magotini, na nywele zake nyekundu kama kutu alizifunga fundo utosini kwa kipande cha tyubu.

"Hongera," alisema. "Unanukia keki."

"Nifungue basi uonje."

"Aa, mimi sili vitu vya barabarani."

"Basi nikune pua, dada. Nakuomba. Nakufa hapa."

Akamkuna, taratibu, kwa kidole chenye grisi, akamwachia doa jeusi puani.

"Na wewe ulipakwa?" Esben akauliza.

"Miaka mitatu iliyopita. Nilipiga chafya mpaka nikateguka mbavu. Nani atakuosha sasa?"

"Nafasi iko wazi."

"Mshahara?"

"Bia. Na mimi mwenyewe."

"Nitaanza na bia," alisema yule msichana, jina lake Ditte, "hayo mengine nitayafikiria."

Aliyafikiria kwa muda mfupi kuliko alivyokusudia. Mwaka haukuisha, Esben, fundi wa vigae vya bafu, akahamia kwake orofa ya tatu na ndoo zake za saruji, akaziba korido. Yeye kazi yake ya pili ilikuwa kuchekesha. Alimchekesha Ditte akipiga mswaki, akampigia simu dukani alikokuwa fundi baiskeli, akajifanya bibi kizee aliyepoteza pedali. "Mume wangu wewe ni chizi," Ditte alikuwa akimwambia, ingawa hawakuwa wameoana. Esben alikuwa akiahirisha kumposa hadi apate namna ya kuchekesha zaidi.

Kisha tumbo la Ditte likaanza kuvimba. Wakalaumu mkate, wakalaumu bia. Ikawa ni saratani ya ovari. Madaktari wakampasua, wakatoa walichoweza kutoa, na pamoja nacho wakatoa watoto wa baadaye, ambao wapenzi hawa hawakuwa hata wamegombania majina yao. Nywele nyekundu zilipodondoka, Esben naye alinyoa, nyusi pia, akabaki kama yai. Ditte alicheka hadi mshono ukamuuma. Manesi walimpenda Esben. "Una bahati," walimwambia mgonjwa, na mgonjwa akakubali.

Ikaondoka. Baada ya mwaka na nusu ikarudi. Wakaanza upya: dripu, kutapika, wigi. Ikaondoka tena, picha ya mwisho ikatoka safi, na hapo ndipo Esben alipotangaza karamu.

Karamu yenyewe ilikuwa karamu. Bendera ndogo za karatasi zilisimama katikati ya sahani za samaki wa siki, Birthe, mama yake Ditte, alileta keki ya tabaka nne, na Ditte akaingia na gauni la mahameli ya kijani, midomo imekolea rangi, kila mtu akasema, jamani, huyu ndiye aliyekuwa mgonjwa? Kwenye kila sahani kulikuwa na karatasi: wimbo aliotunga Esben, kwa ile tuni ambayo wote waliijua tangu shule. Beti tisa, zenye vina. Wimbo wa kumfukuza mgeni asiyepiga hodi. Ubeti wa nne ulitania wigi. Wa sita ulitania keki ya Birthe. Katika ule wa tisa mgeni alitupwa nje, mlango ukapigwa kufuli na ufunguo ukazamishwa baharini. Wageni walipanda juu ya viti, kama desturi ya karamu za huko inavyotaka, wakaimba kwa sauti zote walizokuwa nazo. Esben akamshika Ditte kiunoni, akampandisha naye kitini. Ditte aliimba. Palipotakiwa kicheko, alicheka.

Kesho yake, akiosha glasi, alisema bila kugeuka, "Esben, naomba ukakae kwa mama yako kwanza."

Esben alidhani ni utani. Kisha akaona mabega yake yalivyokakamaa.

Simu ya kwanza aliipiga akiwa kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu imening'inia nje.

"Ni ule ubeti wa wigi, sivyo?"

"Hapana."

"Basi ni wa keki. Mama yako amenuna."

"Mama ameuweka wimbo wako kwenye fremu. Siyo ubeti wowote, Esben."

"Kuna mtu?"

Ditte alivuta pumzi. "Ungependa awepo, eh? Ungepata cha kufanyia mzaha." Akakata.

Simu zilizofuata hazikupokelewa. Wivu ukamtafuna Esben. Alibandika vigae upande usio wake, akavibandua, na mwishowe akaacha kazi katikati ya siku, akaenda dukani kwa Ditte.

Alimkuta amepiga magoti kando ya baiskeli iliyopinduliwa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, kofia ya sufu imefunika nywele fupi zilizokuwa ndiyo kwanza zinaota.

"Duka limefungwa kwa wachekeshaji," alisema, macho kwenye mnyororo.

"Nimekuja kama mteja. Baiskeli yangu inalia."

"Ipake mafuta."

Esben akachuchumaa. "Ditte. Mpenzi. Niambie nimekosa nini."

Ditte alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Imerudi."

"Nini?"

"Unajua nini."

"Lini?"

"Walinipigia Ijumaa. Vipimo vya damu vimepanda."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa ile. Siku moja kabla ya karamu yako."

Beti zote tisa zikampita Esben kichwani, na kufuli lake, na ufunguo wake.

"Nikakupandisha kitini," alisema.

"Ukanipandisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Mama alishaoka keki. Wewe ulikuwa unazunguka nyumba unatafuta vina."

"Ningeifuta karamu!"

"Ungeandika ubeti wa kumi."

Ilikuwa kweli. Angeuandika, na ungekuwa mzuri.

"Sikiliza," Ditte alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kila nikitaka kulia, wewe umeshafika na kichekesho. Nami nacheka, kwa sababu unachekesha, mjinga wewe. Nikishacheka naonekana mzima. Nikionekana mzima, basi inabidi nipone. Nimechoka kupona kwa ajili yako."

"Wanasemaje?"

"Kuna dawa nyingine. Haiponyi. Inaweza kuongeza miezi michache, na mingi ya hiyo ni ya kutapika. Alhamisi natakiwa kujibu. Nilitaka niende peke yangu, maana ukikaa pale na hayo macho yako, nitasema ndiyo kabla sijaulizwa."

"Nisije?"

"Uje. Lakini mdomo uache nyumbani."

Alhamisi, daktari, mwanamke mrefu mwenye ndara za mbao, alieleza polepole na hakuficha kitu. Utani juu ya zile ndara ulimjia Esben wenyewe, ukafika mpaka kwenye meno. Akaumeza.

"Sitaki," alisema Ditte. "Sitaki tena. Nataka nikae nyumbani, nitengeneze baiskeli mpaka nishindwe."

Daktari aliitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Esben. "Na wewe, una la kusema?"

Alikuwa nalo. Alitaka kumpigia magoti. Chukua, Ditte, chukua kila mwezi, hata wiki, tapika nitashika ndoo. Akainamia vigae vya sakafu, akatafuta kosa la fundi, hakuliona.

"Hapana," alisema. "Amesema yeye."

Nje, penye baiskeli, Ditte alihangaika na kufuli kwa vidole vya baridi.

"Haya. Sema sasa ulichotaka kusema mle ndani."

"Nilitaka useme ndiyo."

"Najua."

"Nilitaka mno, Ditte."

"Najua, kipenzi. Nilikuona unavyokikaba kiti."

"Naruhusiwa kurudi?"

"Ndoo zako bado zimejaa koridoni. Unataka nizihamishe mimi?"

Hapo Esben wa siku zote angekuwa na la kujibu. Alifungua mdomo ajibu, ikatoka sauti asiyoijua, akalia, mtu mzima, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta baiskeli zao. Ditte akamvuta kwenye lile koti la manjano. Hakumwambia anyamaze. Hakumtania. Alimshikilia tu kwa nguvu iliyobaki mikononi, mpaka mvua ikaanza kulowesha viti vya baiskeli, kisha naye akaanza kulia.