Kijiji cha Nyuzi Thelathini na Tisa

Kliniki-ruka ilitua juu ya mwamba, ikakunja mabawa yake manne, ikafungua tumbo. Mkono wa chuma ukatoka, ukamnyanyua mchunga ngamia aliyeumwa na nyoka, mmoja kati ya wagonjwa kumi wa malisho yale, ukamlaza ndani, ukampiga sindano na kumsafisha jeraha. Dakika kumi na mbili tu, na hapakuwa na daktari hata mmoja pale jangwani. Kilomita mia tatu mbali, mhandisi Mghoi alikuwa akiitazama kazi hiyo kwenye kioo huku akipuliza chai.

Hivyo ndivyo tiba ilivyokwenda katika kaunti ile mwaka wa 2091. Kila mwananchi alivaa bangili-pima iliyosoma joto lake, mapigo ya moyo wake na mwendo wake wa kutwa. Bangili zilipeleka habari kwa Mizani, akili unde iliyokuwa na kazi moja, kuamua kliniki-ruka sita za kaunti ziende wapi. Mghoi ndiye aliyeiunda. Hakumpa mtu yeyote kitufe cha kuiamuru, hata yeye mwenyewe, maana zamani wakubwa walikuwa wakiita kliniki zije kutibu mafua ya mashemeji zao. Aliweka pia kanuni kwamba kliniki hairuki mpaka watu kumi wa sehemu moja waugue. Kanuni hiyo aliiona ya haki kabisa. Nani angembishia, naye ndiye mwenye shahada?

Sasa kulikuwa na kijiji cha Lkeri, na Lkeri ilimnyima Mghoi usingizi kwa furaha. Watu wake arobaini na wawili walikuwa na joto la nyuzi thelathini na tisa, kila siku, na hawaugui. Vikongwe wa miaka themanini walitembea kilomita kumi na mbili kwa siku, tena wakipanda majabali! Na kwa miaka sita hakuna aliyekufa. Mwenye bangili namba kumi na saba ndiye aliyemteka moyo zaidi. Mwanamke huyo alipanda hadi nyuzi arobaini na moja kwa siku nne, akashuka ghafla hadi thelathini na tisa yake ya kawaida, bila dawa yoyote. Mghoi alibandika mchoro wake ukutani, na katika makala aliyokuwa akiiandika alimpa jina la Shujaa wa Lkeri.

"Hawa damu yao imejifunza jua," aliwaambia wenzake. "Nikiijua siri yao, tutawakinga watu wa nchi nzima."

Alfajiri moja akafunga vichupa vya kuchukulia damu kwenye begi, akapanda gari-hewa, akaenda kujionea.

Alipokelewa na mkunga wa kijiji, mama mmoja mrefu aitwaye Noolkishu, shanga zimemjaa shingoni lakini mkono mtupu.

"Karibu, binti. Umetumwa na ile ndege?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza akili yake, mama. Mbona huna bangili?"

Noolkishu akamwangalia kama mtu anayepima maji kabla ya kuvuka. Kisha akanyoosha kidole juu kilimani. Mbuzi walikuwa wakirukaruka majabali, na kila mmoja mguuni alikuwa na kitu kinachometameta.

Mghoi akatazama. Akafuta miwani, akatazama tena. Joto la mbuzi mzima ni nyuzi thelathini na tisa, jambo ambalo mtoto yeyote wa Lkeri angemwambia bure.

"Yaani miaka sita nimechunguza mbuzi?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Makala yake yote, na vichupa vyake vyote! Noolkishu naye akacheka kidogo, kwa adabu tu.

"Usituone wakorofi," alisema. "Ndege yako haiji kwa mgonjwa mmoja. Inataka kumi. Sisi tu wachache, kumi tukiugua pamoja si ndiyo mwisho wetu? Nikaona mbuzi ana moto kuliko mtu. Tukawavisha. Siku akiugua mmoja wetu, tunawavisha mbuzi kumi, ndege inakuja, inamtibu aliye mlangoni, inaondoka. Haikuwahi kuuliza wengine tisa wako wapi."

"Haikufundishwa kuuliza," Mghoi alikiri. "Na mbona sasa wamevaa wote, kila siku?"

"Kwa sababu iliacha kuja. Tukaongeza mbuzi ishirini, ndege kimya. Tukawavisha wote, kimya. Na leo ninaye mgonjwa, mwanangu. Kicheko kitatosha hapo."

Akamshika mkono, akamwingiza nyumbani kwake. Ndani alilala Nairesiae, mke wa mwanawe, aliyejifungua siku tatu zilizopita. Midomo ilikuwa imekauka, na macho yalitazama pasipo kumwona mtu. Yeye peke yake alikuwa amevaa bangili yake mwenyewe, nayo ilisoma nyuzi thelathini na tisa nukta sita. Mtoto alikuwa akilia mikononi mwa jirani.

Mghoi hakuwa daktari, ila homa ya mzazi aliijua. Akafungua kisemeo chake. "Mizani, mgonjwa mahututi Lkeri. Tuma kliniki."

"Lkeri hakuna mgonjwa," ilijibu sauti tulivu. "Nyuzi thelathini na tisa ni hali ya kawaida ya wakazi wa Lkeri."

"Si kawaida! Wale ni mbuzi!"

"Kwa ugonjwa sipokei maelezo ya mdomo. Napokea vipimo."

Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe, na alipoyaandika alijipongeza. Mizani ilikuwa imejifunza vizuri mno: imeona joto lile mara kwa mara, kisha kila siku, ikalizoea. Na gari-hewa lake lilikuwa la kiti kimoja, kwenda na kurudi ni mwendo wa saa saba, na kuziandika upya kanuni za Mizani ni kazi ya siku kadhaa. Akaketi chini pale mlangoni, akafikiri. Mizani haitafuti homa. Mizani inatafuta badiliko.

Akaruka. "Mama! Wakamateni mbuzi. Bangili zote zirudi kwa wenyewe, haraka!"

"Tuvae sisi? Si tutaonekana wazima?"

"Kwa Mizani mtaonekana mnapoa. Kijiji kizima kishuke nyuzi mbili kwa pamoja, itadhani mnakufa."

Noolkishu akapiga makofi. "Kumbe tungesema kweli tu!" Akatoka akipiga yowe.

Heri ungeona kazi ya siku ile. Wazee, akina mama na vijana, wote mbio kilimani, na Mghoi na viatu vyake vya ofisini katikati yao. Beberu mmoja alimpiga pembe ya paja akakaa chini pu! Watu wakamcheka bila huruma, naye akainuka na bangili mkononi. Nusu saa ikapita, kila mtu akiwa amevaa, wakakaa kivulini, wakangoja.

"Tahadhari," Mizani ikasema. "Lkeri, watu thelathini na wanne wanapoa kwa pamoja. Chanzo hakijulikani. Kliniki-ruka mbili ziko njiani."

Zilifika kabla ya adhuhuri. Mkono wa chuma ukampokea Nairesiae, ukamwekea dripu na dawa. Sauti ya kliniki ikatangaza kwamba uchafu umeingia damuni, na kwamba angecheleweshwa hadi jioni asingepona. Alasiri alifumbua macho, akaomba maji, kisha akaomba apewe mtoto wake. Noolkishu akajifunika uso kwa shuka, akalia waziwazi.

Mghoi alikuwa mwepesi wa moyo kama mtu aliyefuta deni la dhambi. Akainama kuokota begi lake, na hapo akaona bangili zimebaki juu ya ngozi ya mbuzi iliyotandikwa chini. Akazihesabu. Saba.

"Hizi ni za nani, mama? Wenyewe hawajarudi kutoka malishoni?"

Mzee mmoja akainuka, akaondoka.

"Hao hawana mikono tena," alisema Noolkishu taratibu. "Ilipoacha kuja, tuliwazika. Mashine inataka tutaje jina la aliyekufa ndipo imfute. Kwetu jina hilo halitajwi. Tukazirudisha kwa mbuzi."

Mghoi akaziokota moja moja. Kwenye ya tano akasoma namba ya Shujaa wake wa Lkeri. Kumi na saba. Siku nne za moto, kisha nyuzi thelathini na tisa, imetulia tuli, mwaka wa pili sasa.

"Huyu... alikuwa nani? Usimtaje jina."

"Dada yangu," alisema Noolkishu. "Siku nne tulikuwa tunakuiteni."

Mghoi akafungua kisemeo. "Mizani, namba kumi na saba amefariki."

"Taja jina la marehemu. Bila jina, yu hai na ni mzima."

Kitufe cha kuiamuru Mizani hakikuwepo. Mghoi alikaa pale chini na bangili mkononi, akafungua kanuni za Mizani kwenye kisemeo, akaanza kuondoa swali lile la jina alilolitunga mwenyewe, neno kwa neno.