Kipimo cha Saa Nne

Saa nne kamili asubuhi Kitambuamaua kiliingia uani kwa Bi Mwanamvua kwa miguu yake sita, kikasimama mbele ya mmea wake wa mwafu. Mashine hii ilikuwa fahari ya jiji la Tanga Mpya. Ilikata kitawi, ikakitia dawa ya vipimo, ikasoma jani, ikavuta hewa juu ya maua, na kwa sekunde kumi na moja ikajua jina la mmea, ukoo wake na maji unayokunywa kwa siku. Mmea uliostahili ulioteshwa tumboni mwake, miche elfu kwa siku tisa. Usiostahili ulichomwa mizizi papo hapo, maana mvua ilikwisha kuwa hadithi na kila tone lilikuwa na mwenyewe.

Aliyeibuni, Dokta Batuli, alisimama pembeni na wasaidizi wawili. Alizaliwa katika nyumba hii. Bi Mwanamvua, mama yake, alikuwa mtunga vikuba wa mwisho mjini, yale mashada madogo ambayo maharusi hubandika kifuani. Maua ya mwafu ule, binamu wa asumini, ndiyo yaliyomlisha Batuli na kumsomesha, na ni yeye aliyemshawishi mama afungue mlango.

"Utapata miche elfu, mama," alimwahidi.

"Basi ngojeni alasiri," Bi Mwanamvua alisema.

"Mashine haina alasiri, mama. Harufu ni harufu."

Wasaidizi wakacheka. Bi Mwanamvua akasogea pembeni. Hakuwa mtu wa kubishana na mwanawe mbele ya watu.

"Ua dogo," Kitambuamaua kikatamka. "Rangi hafifu. Harufu, sufuri. Halistahili maji."

Palikuwa na kitufe cha kuizuia hukumu, na sekunde saba za kukibonyeza. Batuli alikitazama tu. Alichelea wenzake wasije wakasema amependelea kwao.

"Sheria ni msumeno," akasema, "hukata mbele na nyuma."

Akajiona mwadilifu. Ulikuwa ujinga, tena ujinga wenye digrii tatu. Mizizi ikafuka moshi, na mashine ikakitupa chini kile kitawi cha vipimo. Bi Mwanamvua aliinama, akakiokota, akakitia kwenye glasi ya maji.

Magharibi Batuli alirudi kumjulia hali mama yake. Hatua moja ndani ya mlango akasimama. Nyumba nzima ilinukia, harufu ileile aliyolala nayo utoto wake wote.

"Umejipaka nini, mama?"

"Sijajipaka kitu."

Juu ya meza, matumba matano ya kitawi yalikuwa yamefunguka.

"Mwafu huchanua jua likizama," Bi Mwanamvua alisema. "Ndiyo maana huchumwa alasiri, ungali tumba, umnukie bibi harusi usiku. Asubuhi hauna kitu. Miaka kumi na minane uliniona nikichuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia ngojeni. Hukuniuliza kwa nini."

Batuli alikishika kitawi. Dawa ya vipimo ilikwisha kuliua shina, lisingeota mizizi tena. Akapiga simu kituoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameziamuru mashine hizi, zilizoko kila mji, kwamba hukumu ya mmea mmoja iwe hukumu ya ukoo wote, ili kuokoa muda. Kijana wa zamu alimjibu kwa furaha: mashine za miji arobaini zilikuwa zimemaliza kazi ya kuchoma mwafu kabla ya saa nane.

Alilia kwa sauti. Mama yake hakumbembeleza. Alivuta uzi na sindano, akayatunga yale maua matano kwa vidole visivyohitaji macho, akambandika mwanawe kikuba kifuani, juu ya beji ya kazi.

"Kesho uende nacho ofisini saa nne, wakinuse," alisema. "Watakuta hakina harufu, watakwambia ulifanya sawa."