Ombi Lililobanwa Pembeni

Kila alfajiri Ruthu alisali, akapika uji wa uwele, kisha akashusha vibuyu vya kunywea. Alishusha vitatu. Kile kidogo alikifuta vumbi, akakirudisha ukutani kikiwa kitupu. Kilikuwa cha Anyesi, mwanawe.

Zilikuwa enzi za Wajerumani, reli ikiwa bado mpya Ugogo. Seth, mume wa Ruthu, alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni, karibu na Gulwe. Alifundisha darasa la kwanza na la pili, peke yake. Madarasa ya kuanzia la tatu hayakuwepo. Ndiyo maana Anyesi alipelekwa kusoma misheni kubwa, mbali, upande wa Dodoma.

"Wakituletea mwalimu wa pili, mtoto atarudi," Seth alisema mara nyingi.

"Umewaomba?"

"Kila taarifa ninayoandika, naomba."

Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Jibu halikuja. Ngozi ya kulalia ya Anyesi ilikuwa imekunjwa kwenye pembe ya tembe. Ruthu aliikung'uta kila Jumamosi, kama mtu anayengoja mgeni wa kesho.

Siku moja walikwenda wote wawili stesheni ya Gulwe kupeleka taarifa mpya, iende misheni kwa garimoshi. Karani wa stesheni aliitwa Khamisi, mtu wa Pwani, mpenda utani. Kazi yake ilikuwa kuandika taarifa za wakubwa wa reli.

"Mbukwa, mwalimu. Mbukwa, mama Anyesi," alisalimu. "Mnaona Kigogo changu kinavyokua? Safari hii mnaomba nini huko misheni?"

"Mwalimu wa pili," Seth alijibu. "Soma mwenyewe."

Khamisi akasoma. Akageuza karatasi. Akaigeuza tena.

"Umemsalimia mkubwa wa shule za misheni. Umemsalimia mkewe. Umeuliza habari za mvua. Umeleta salamu za wazee wa kanisa, kila mmoja kwa jina lake. Mwalimu, waliobaki kusalimu ni mbuzi wenu tu. Ombi liko wapi?"

"Nyuma. Chini kabisa, halafu linapanda pembeni."

Ruthu akasogea kutazama. Karatasi ilijaa mpaka ukingoni. Maneno ya mwisho yalipanda ubavuni, madogo kama sisimizi. Kumbe siku zote mwanangu alikuwa hapa, akawaza, amebanwa pembeni, wala hakuna anayemwona.

"Kwetu mtu haingii nyumba ya watu na kuomba tu," Seth alisema. "Tunaulizana kwanza ng'ombe na watoto."

"Hata Pwani ni hivyo. Lakini hapo mmekaa pamoja. Taarifa yako inalala mezani na taarifa za shule nyingine. Salimu kwa mstari mmoja, kisha sema unachotaka. Salamu nyingine ziandikie barua ya peke yake."

Khamisi akachukua kibao na chaki.

"Juu kabisa, jina la shule, mahali na tarehe. Chini yake, kichwa: Taarifa ya Shule na Ombi la Mwalimu wa Pili. Halafu kila jambo na kichwa chake. Wanafunzi. Masomo. Jengo. Mwisho, Ombi. Usiyachanganye. Na hapa unasema watoto ni wengi sana. Wangapi?"

"Wanajaa mpaka mlangoni."

"Aliye mbali hauoni mlango wako. Piga mistari. Huku darasa, huku wavulana, huku wasichana, mwisho jumla."

"Wakati wa kuchunga wavulana hupungua," Ruthu alisema.

Seth akamkata jicho. "Hilo tuliache."

"Liandike," Khamisi alisema. "Wakija kukagua wakakuta pengo ulilolificha, hawataliamini hata ombi lako. Na uache nafasi pande zote. Kichwa kimoja kikiisha, ruka mstari."

"Niache karatasi tupu? Zenyewe tunapewa chache."

"Baba Anyesi," Ruthu akasema, "mwaka ule ulipobananisha mtama kwa kuogopa kupoteza nafasi shambani, tulivuna nini?"

Seth akakuna kichwa. "Mabua."

Khamisi akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Nyumbani, Seth aliwahesabu watoto. Akaandika kwanza kwenye kibao. Ruthu, aliyejifunza kusoma katika darasa la ubatizo, akasoma kwa sauti. Kila alipokwama, Seth alifuta, akaandika sentensi fupi zaidi. Hapo ndipo aliponakili kwenye karatasi safi. Chini ya kichwa cha Ombi aliandika hivi: "Tunaomba mwalimu mmoja wa kufundisha kuanzia darasa la tatu. Watoto kumi na wanane wamemaliza darasa la pili. Wengine wako mbali na wazazi wao."

Kabla karatasi haijakunjwa, Ruthu aliweka kiganja juu ya sentensi ile ya mwisho, akasali.

Safari hii jibu lilikuja. Baada ya mavuno, mwalimu mpya, Elieza, akashuka kwenye garimoshi pale Gulwe. Nyuma yake alishuka msichana mrefu. Ruthu alichungulia nyuma ya msichana huyo, akimtafuta mtoto.

"Shikamoo, mama," msichana akasema.

Ruthu alimshika mashavu.

Nyumbani Anyesi alikunywa uji kwa kibuyu chake kidogo. Akakimaliza kwa mkupuo mmoja, akaomba tena. Kisha akajinyoosha juu ya ngozi yake, amechoka na safari. Miguu yote miwili ilibaki nje, vumbini, kuanzia magotini.

Ruthu aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Halafu akajifunga kaniki vizuri, akaenda kwa jirani kuomba ngozi kubwa zaidi.