Mtafiti Mwenza

Mgeni aliingia katika steshenari ya Consolatha, pale Gongoni, saa kumi kasoro robo alasiri, baibui lake la zambarau likinukia udi na vumbi la basi.

"Dada, mume wangu Vedasto kasema nikuletee barua hii."

Mashine ya fotokopi iliendelea kutema karatasi, Consolatha hakuziona. Vedasto? Mchumba wake, daktari wa mifugo aliyemwita "asali ya Ipole" asubuhi ile ile?

"Mumeo?"

"Ndiyo. Mbishi, ananuka mbuzi, lakini nitafanyaje?" Mgeni akacheka, akaidaka bodaboda, akatokomea.

Barua ilikuwa ridhaa ya wafugaji wa Ziba, yenye mhuri wa kijiji. Bila hiyo, ombi la Vedasto la fedha za kutafiti homa ya mapafu ya mbuzi lisingepokelewa, na mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi ile ile. Consolatha aliahidi kulituma, maana huko Ziba, alikokuwa Vedasto, mtandao ni wa kubahatisha.

Akapiga simu.

"Asali wangu! Barua imefika?"

"Imeletwa na mkeo."

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Vedasto!"

Kicheko kikapasuka, mbuzi wakikohoa nyuma yake. "Mwanamkuu huyo! Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani, Conso, tangu babu zetu walipokuwa wakienda pwani na misafara! Jana kaapa nikifa atalala kaburini nisizikwe."

"Ningejuaje? Kabila halikuandikwa usoni."

"Una wivu, mpenzi."

"Ninao! Tena wa kukugawia."

Wakacheka wote. Akakata simu, akafungua fomu aliyoijaza Vedasto ili aambatanishe barua, na hapo kicheko kikamkauka. Mtafiti mwenza: Mwanamkuu. Kituo: Ziba. Muda: miezi kumi na minane.

Mwenza. Neno lilimchoma kama la uke wenza. Utani wa kutwa nzima, chai ya chupa moja, miezi kumi na minane! Na harusi waliyoipanga baada ya Pasaka?

Saa kumi kasoro dakika sita. Angesema mtandao ulikatika. Nani Tabora asingeamini?

Simu ikalia. "Conso, jana wamekufa mbuzi kumi na wawili kwa mama mmoja mjane. Umetuma?"

"Harusi itasogea, Vedasto."

"Najua. Niliogopa kukwambia. Ukisema usitume, sitakulaumu."

Alikuwa anamaanisha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Consolatha akaskani barua, akaambatanisha, akasoma tena jina la Mwanamkuu herufi kwa herufi.

"Niliahidi," akasema, akabonyeza.

"Conso?"

"Imeenda."